Mfereji wa Langoni kwa Osundwa

Barabara inayotoka sokoni Shinyalu na kuteremka hadi banda la kupimia majani chai, kule ukingoni mwa msitu, ni ya serikali, ila serikali yenyewe haikai huko. Inakaa mjini Kakamega, katika ofisi za Wizara, penye magreda yaliyopangwa uani na mabomba ya saruji yaliyolazwa kwenye nyasi kama ng'ombe walioshiba. Katika miaka hiyo ya tisini, Wizara ilijua haiwezi kupeleka greda kila kijiji kila mvua inapopiga. Kwa hivyo iliigawa barabara vipande, na kila kipande ikampa mtu anayeishi kando yake: afyeke nyasi, azibe mashimo kwa maramu, ule udongo wa changarawe, azibue kalavati zinazopitisha maji chini ya barabara. Ikampa jembe, beleshi, slasha na wilbaro, na mkaguzi wa kuja kumtazama.

Kipande cha bondeni kilikuwa cha Zipporah.

Siku alipoinua mkono barazani kukiomba, wanaume walicheka mpaka naibu wa chifu akagonga meza. "Mama, hii si bustani ya sukuma wiki," mmoja akamwambia. Zipporah hakushusha mkono. Shamba la majani chai lilikuwa kwa jina la mumewe Isaiah, aliyekuwa mpishi wa shule huko Likuyani na kurudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Ng'ombe alikuwa wa mama mkwe. Hata kitanda alikikuta kimeshatandikwa na wengine. Lakini kipande kilipoandikwa, kiliandikwa Zipporah Khasandi, na tangu siku hiyo alikitunza kama mtu anayesuka nywele za bintiye, mstari kwa mstari, bila kuruka.

Mwaka wa tisini na nne, mvua za masika zilipokuwa zinanusanusa, Mukhwana, mkaguzi wa Wizara, alifika na pikipiki yake. Aliiegesha juu ya mteremko, akashuka kwa miguu, kwa maana alipenda kusema barabara haikaguliwi kwa makalio. Akasifu nyasi. Akasifu kalavati. Alipofika chini kabisa, langoni kwa mzee Osundwa, akasimama na kukuna shingo.

"Mama, maji yako yanashuka vizuri sana," alisema, "lakini yakifika hapa hayana pa kutokea. Yanaketi. Yakiketi yanalainisha barabara, na lori la majani chai linazama. Chimba mfereji wa kuyatoa, uanzie hapa, uyamwage kule kwenye nyasi za nepia."

"Hapa hapa langoni kwa mzee?"

"Hapa ni ndani ya hifadhi ya barabara. Ni pa serikali." Akachomeka vijiti kuonyesha mstari. "Nitarudi baada ya Pasaka. Nikikuta maji yamelala barabarani, sitakuwa na neno la kukutetea kule ofisini. Kipande kitapewa mwingine. Unajua wako wanaokingoja."

"Hutayakuta," Zipporah akasema.

Kesho yake alasiri akaanza, na akaanza kama watu wa Wizara walivyomfundisha. Alivuta kamba, akanyoosha kingo kwa beleshi, akarundika udongo upande wa chini. Upande wa barabara aliacha kizingiti cha udongo, ili mvua ikinyesha kabla hajamaliza maji yasiingie yakambomolea kazi. Upande wa pili kulikuwa na nepia ambayo hakuwa ameikata bado. Alikuwa amechimba sehemu ya katikati, imemfika magotini, wakati mama mkwe alipomwita kutoka ng'ambo ya shamba kwamba ng'ombe ameanza kuzaa na ndama anakuja vibaya. Zipporah akatia jembe begani, akakimbia. Ndama alivutwa kwa kamba mpaka jua likazama, na Zipporah aliyemvuta akaenda kulala bila kunawa miguu.

Hakugeuka nyuma kuangalia alichokiacha. Alikuwa ameacha shimo lenye kingo zilizonyooka, refu kama mtu aliyelala, limefungwa huku na huku, udongo mwekundu umerundikwa kando. Na alikuwa ameliacha kwenye lango la boma ambamo Dinah, mke wa Osundwa, hakuwa ameinuka kitandani tangu Januari.

Kwa Waisukha, kaburi likishachimbwa haliachwi peke yake usiku. Shimo la namna ile halilali njaa. Likilala njaa, linaita. Zipporah aliyajua hayo tangu akiwa mtoto. Lakini yeye alikuwa akichimba mfereji, na mtu aliyezama katika kazi yake haioni inavyoonekana na anayepita.

Asubuhi aliporudi alikuta shimo limejaa. Udongo ulikuwa umepandishwa tuta na kupigwapigwa kwa mgongo wa beleshi. Mzee Osundwa alikuwa amesimama kando yake, amevaa koti lake la kuendea matanga.

"Mulembe, Baba Jael," Zipporah akamwamkia.

Osundwa aliiacha salamu, akamwita kwa jina la bintiye. "Mama Christine, kwangu amekufa nani?"

"Hakuna aliyekufa, mzee."

"Basi ulikuwa unamchimbia nani?"

"Ni mfereji. Wa Wizara. Mkaguzi alikuja, akaweka hivi vijiti."

"Mfereji huwa unatoka mahali unaenda mahali. Huu ulikuwa umefungwa kichwani na miguuni. Nimechimba makaburi ya watu tangu nikiwa kijana, mimi nalijua kaburi. Hata upana wake ulikuwa wa mke wangu, Mama Jael."

Zipporah akatazama tuta, na kwa mara ya kwanza akaona alichokiona mzee. "Nisamehe, Baba Jael. Ng'ombe aliniita."

"Ng'ombe alikuita wewe, na wewe ukamwita mke wangu."

"Umeweka nini humo ndani?"

"Nimelipa lilichotaka. Nimekata mgomba, nikaulaza, nikaufunika leso yake, nikauzika." Ndivyo walivyofanya wazee kwa mtu aliyepotelea mbali asirudishwe nyumbani: mgomba ulizikwa badala yake. "Sasa limeshiba. Na hapa hapachimbwi tena, sio na wewe, sio na serikali. Kaburi halifunguliwi kwa sababu ya maji ya mvua."

Ndipo mambo yakazidi kuwa magumu, maana Dinah alianza kupona. Jumapili iliyofuata aliomba obusuma mwenyewe, akala ugali huo na mchuzi wa ingokho, kuku wa nyumbani. Baadaye akaonekana ameketi juani, mgongo umeegemea ukuta, anachambua maharagwe. Osundwa akawa hana habari nyingine. Kila aliyepita aliambiwa: kifo kilikuja, kikakuta mgomba umelala, kikachukua mgomba. Akazungushia tuta mawe, akayapaka chokaa.

Mvua nayo haikungoja. Ilinyesha jioni mbili tu, na pale langoni pakawa na dimbwi ambalo bata wa Osundwa walilihamia. Lori la majani chai likazama mpaka kwenye ekseli. Wanawake wakabeba vikapu kichwani kuupanda mteremko, na Selpher, wifi yake Zipporah, mwenye mdomo usiojua Jumapili wala Jumatatu, akahakikisha kila mmoja amejua ni kipande cha nani.

"Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe hawakumjua wifi yangu," alisema pale bandani, akitikisa kikapu. "Yeye huchimba akaingiza kijiji kizima."

Wanawake wakacheka. Zipporah akamwaga majani yake mezani, akayatandaza, akaondoa yaliyokauka moja moja. "Cheka, wifi," akasema. "Lakini ukimaliza uniazime sururu ya ndugu yangu. Nitaihitaji."

"Ya kuchimba wapi? Kuna mahali pamebaki?"

"Nikipajua nitakuambia."

Hakupajua bado. Siku ya pili akavaa viatu, akaenda Kakamega mjini, akamkuta Mukhwana uani kwa Wizara akipangusa matope kwenye pikipiki. Alimweleza yote, hata la mgomba. Mukhwana hakucheka.

"Sheria ni nyepesi, mama," alisema. "Pale ni hifadhi ya barabara. Naweza kuandika barua kwa D.O. wa tarafa, aje na askari wawili, tuta liondolewe asubuhi moja."

"Uandike, halafu?"

"Halafu maji yapite."

"Halafu wewe unapanda pikipiki unarudi huku. Mimi ndiye nitabaki kumwomba Mama Jael chumvi. Na akija kufa, hata kama ni kwa uzee, nitakuwa ndiye niliyemfukua." Zipporah akatikisa kichwa. "Sikuja kwa barua. Nimekuja kuuliza kama mfereji unaweza kusogea."

Mukhwana akamtazama, kisha akachora kwa kidole kwenye vumbi la kiti cha pikipiki. "Hii barabara. Hili tuta lenu. Ukipanda juu kidogo, hapa, utaweka kizuizi cha mawe kwenye mfereji wa kando, maji yageuke kabla hayajafika chini. Lakini usiyapige kona ya ghafla, maji hukasirika. Kona iwe kama mkono uliokunjwa kidogo, hivi. Kitakachobaki chini kitakuwa kidogo, kitakauka chenyewe." Kidole kikasimama. "Shida ni moja. Hapo juu hifadhi ni nyembamba. Ukikunja hivyo utaingia shambani kwa mzee. Na kwake ni kwake. Wizara haina mdomo wa kukuruhusu. Akubali mwenyewe."

Zipporah alirudi akiyapima maneno hayo njia nzima. Pale alipokuwa na haki ya kuchimba, hapakuchimbika. Pale palipochimbika, hakuwa na haki. Isitoshe, alipajua mahali pale alipopaonyesha Mukhwana. Ndipo ulipokuwa mti uliochomekwa ardhini wa kumfungia Nyundo.

Nyundo alikuwa fahali wa Osundwa wa kupiganishwa. Alikuwa mweusi, shingo nene kama gunia, na pembe zake mzee alizinoa kwa chupa kila siku ya mpambano kabla ngoma za isukuti hazijaanza. Alifungwa pale juu, karibu na barabara, makusudi, ili kila anayekwenda sokoni amwone bila kuomba.

"Hapana," Osundwa alisema kabla Zipporah hajamaliza. "Nyundo ameshinda kule Khayega akitoka kwenye mti huo. Ameshinda hapa Shinyalu akitoka kwenye mti huo. Sasa nimhamishe ashindwe, niseme nini? Kwamba alishindwa na mfereji?"

"Sawa, mzee. Nimesikia."

Kesho yake akarudi. Hakusema juu ya mfereji. Alikuwa amekata nepia ya ng'ombe wake, akamletea Nyundo mzigo mmoja. Kesho kutwa akarudi tena, akaketi kwenye kigoda, akasaidia kuchambua maharagwe, na alipokuwa akiondoka akauliza, "Baba Jael, bado ni hapana?"

"Bado."

"Basi tutaonana kesho."

"Mama Christine, wewe ni kupe?"

"Mimi ni mtu wa barabara."

Ijumaa Kuu ilipokaribia, mwenye kuchoka akawa Dinah. Alikuwa anawasikiliza mume na jirani wakirudiana kama watoto wa darasa la kwanza, na mambo hayakumwingia. Hakuna aliyekuwa amethubutu kumwambia juu ya tuta. Hata wapita njia Osundwa aliwapa habari zake kule barabarani, kwa sauti ya chini.

"Kwani hawezi kuchimba pale langoni, penye yale mawe meupe?" aliuliza. "Pako chini zaidi. Hata mimi ambaye si wa Wizara naona."

Osundwa akageuka kumtazama Nyundo. Zipporah akaokota punje ya haragwe iliyoanguka, akaipangusa. Neno lilikuwa mdomoni mwake. Akilisema, huenda mwanamke huyu atacheka, atasema fukueni huo mgomba, na kesho maji yatapita. Lakini lilikuwa neno la mwenye boma. Akalimeza.

"Baba Jael," Dinah akasema. "Pale kuna nini?"

Ikabidi mzee aseme. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, tangu shimo mpaka chokaa. Dinah alisikiliza mpaka mwisho, mikono imetulia juu ya ungo.

"Na ile leso yangu ya maua?"

"Ndiyo iliyofunika."

"Nimeitafuta mpaka nikamshuku Jael." Akasogeza ungo. "Kwa hivyo mimi nimezikwa. Mliniimbia, ama hata wimbo sikupata?"

"Niliimba. Peke yangu, kwa sauti ya chini."

"Ndio maana nilirudi. Sauti yako hiyo."

Zipporah akacheka kabla ya kujizuia, na akaona njia imefunguka. "Basi, Mama Jael, wewe mwenyewe ukisema patoboke, nani atakataa?"

Dinah akamgeukia, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Hapana. Pasiguswe. Sijui kilichoniinua kama ni dawa za hospitali ama ni mgomba, na sitaki kupewa nafasi ya kujua. Kilichozikwa kibaki kimezikwa."

Zipporah alihisi njia ikijifunga. Pasaka ilikuwa mlangoni. Akaweka ungo wake chini, akafunga leso kiunoni, akajiandaa kusema tutaonana kesho.

"Lakini wewe, Baba Jael," Dinah akaendelea, "huyu aliitwa na ng'ombe, akaacha shimo wazi. Wewe nawe ng'ombe wako anazuia shimo lingine lisichimbwe. Ng'ombe wawili, na mimi niko katikati. Hamisha huyo fahali."

"Mama Jael, Nyundo ana mahali pake—"

"Mimi nimehama kitandani nikaenda kaburini na kurudi. Yeye atashindwa kuhama kutoka hapo hadi nyuma ya jiko?"

Mzee alimtazama mkewe akichambua maharagwe kama mtu ambaye amemaliza shauri. Hatimaye akavaa kofia, akaenda kuling'oa hilo gogo la mti mwenyewe, hakutaka mtu mwingine aliguse. Nyundo alivutwa hadi nyuma ya jiko akiburura miguu ya nyuma, na huko akapiga mtama wa Dinah teke moja la kuonyesha maoni yake.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu Zipporah hakwenda kanisani. Alikwenda na sururu. Ardhi ile ilikuwa imekanyagwa na kwato kwa miaka. Sururu iliruka na kumrudia mikononi. Lakini safari hii alianzia chini, kule kwenye nepia, akapanda kuelekea barabarani, ili tangu pigo la kwanza mfereji uwe na mdomo wazi na usifanane na kitu kingine chochote.

Osundwa alikuja akasimama juu yake. "Uko wazi miguuni," akasema.

"Uko wazi."

"Na utabaki wazi ukienda kula?"

"Utabaki wazi, mzee. Njoo ukae uulinde kama huniamini."

Alikaa kweli. Alileta kiti, akakaa kwenye ukingo, na kila Zipporah alipoipinda kamba kufuata ile kona ya mkono uliokunjwa, yeye alitoa maoni. Kufikia Jumamosi jioni maoni yalikuwa yamemwisha, akawa anamsogezea mawe ya kizuizi, moja moja, akilalamikia kiuno. Zipporah aliyapanga mawe ndani ya mfereji wa kando, akayashindilia udongo, kisha akavunja ukuta wa mwisho wa udongo uliozuia maji. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, akavifunga kwa kitambaa, akakusanya vyombo.

Mvua ilinyesha Jumapili alasiri watu wakitoka ibadani. Jumatatu ikanyesha tena. Jumanne, ikiwa bado inarasharasha, Mukhwana akafika, akaegesha pikipiki juu, akashuka kwa miguu.

Alifika mpaka chini. Aliitazama barabara. Ilikuwa imelowa, haina dimbwi. Akarudi juu kidogo, akachuchumaa. Maji yalikuwa yakishuka mekundu kwenye mfereji wa kando, yanakutana na mawe, yanasita, yanapinda, yanaingia kwenye nepia bila kelele.

"Vijiti vyangu viko wapi?" aliuliza.

"Viko palepale ulipovichomeka. Sikuving'oa."

Mukhwana akayaangalia mawe ya chokaa, na vijiti vyake vilivyosimama kando ya tuta. "Kwetu Bungoma pia hatuchimbi mahali kama hapo," akasema. Kisha akamgeukia Osundwa, aliyekuwa kwenye kiti chake. "Mzee, umekubali huu upite kwako?"

"Mke wangu amekubali," Osundwa akasema. "Mimi nilihamishwa pamoja na fahali."

Mkaguzi akainuka, akafuata mfereji mpaka mwisho wake. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kazi. "Kule mwisho maji yameanza kula udongo. Panda nyasi, ile ya kutambaa, ishikilie kingo. Na kizuizi ukiongeze jiwe moja kubwa katikati. Nitakapokuja tena nataka nione nyasi zimeshika."

"Utakapokuja tena, utanikagua mimi?" Zipporah akauliza.

"Nani mwingine? Kipande ni chako."

Walipokuwa bado wamesimama, lori la majani chai likatokea juu ya mteremko. Dereva alipunguza mwendo alipokaribia bonde, akatoa kichwa dirishani, akapima barabara kwa macho. Kisha akaingia. Zipporah alisimama ukingoni akiyatazama magurudumu yalivyoibonyeza ardhi, yakapita, yakaanza kupanda upande wa pili. Nyuma yake yaliacha mistari miwili ya matairi, kina cha kidole.

Akachukua wilbaro, akaenda kuleta maramu ya kuijaza kabla mvua haijaongezeka.